Shajara ya taa ya injini: Toyota IST, Iringa, Juni hadi Agosti 2024

Jumamosi, 8 Juni 2024. Kilomita 168,412.

Naanza shajara hii kwa sababu nimechoka kusimulia upya habari za taa hii kila ninapoingia gereji, na kila nikisimulia hugundua kwamba tarehe zimenichanganyikia. Gari ni Toyota IST ya mwaka 2005, yenye injini ya 2NZ-FE ya ujazo wa cc 1,298, lililoletwa nchini likiwa limekwisha kutumika Japani kama ndugu zake wengi walio barabarani. Ninalo kwa mwaka wa nne sasa. Taa ya njano yenye umbo la injini iliwaka mara ya kwanza katikati ya Aprili, ikazimika yenyewe, na tangu baridi ilipoanza kuuma mwezi Mei imekuwa ikiwaka karibu kila wiki. Gari lenyewe halizimiki njiani wala halitoi moshi mweusi, ila likiwashwa asubuhi hutetemeka likiwa sailensa, yaani likinguruma bila kukanyagwa mafuta, kwa dakika tatu au nne, kisha hutulia kana kwamba halikuwa na neno.

Nimekwisha kupita gereji tatu. Katika ile ya kwanza fundi alichomoa terminali ya betri, akanywa chai yake, akairudisha. Taa ikazimika, nikalipa shilingi 10,000, na baada ya siku mbili ikawaka tena. Katika ya pili walichomeka mashine, wakasema sensa ya oksijeni imekufa, nikanunua ya mtumba kwa shilingi 70,000 pamoja na ufundi, na taa ikalala siku tano. Katika ya tatu nilishauriwa nikate masega, yaani kile kichujio cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi, na kuweka bomba tupu, "maana mwalimu, masega ndiyo yanayokusumbua." Nilishukuru nikaondoka. Masega yakiziba, gari hukosa pumzi mlimani, na langu halijawahi kukosa pumzi. Isitoshe, ndani ya masega mna platinamu na paladiamu, madini yenye wanunuzi wake, na ushauri wa kuyakata huwa haufafanui yanakwenda wapi yakishakatwa.

Kuanzia leo nimejiwekea sharti moja: sinunui spea yoyote mpaka kipimo kiwe kimeniambia kwa nini.

Jumamosi, 15 Juni. Kilomita 168,590.

Taa iliwaka jana asubuhi, kwa hiyo leo nilikuwa na kitu cha kusoma. Magari ya soko la Japani ya miaka ile yana mlango wa kupimia wenye umbo lilelile la magari ya Ulaya na Marekani, chini ya dashibodi upande wa dereva, lakini mazungumzo yaliyomo si lazima yawe yaleyale, na ndiyo maana vifaa vya bei nafuu mara nyingi hugoma kusomana nayo. Ipo hata hivyo njia ya zamani isiyohitaji kifaa. Katika mlango huo matundu yamehesabiwa kuanzia 1 hadi 16. Ukiunganisha tundu la 4, ambalo ni ardhi, na tundu la 13 kwa kipande cha waya, kisha ukafungua swichi bila kuwasha injini, taa yenyewe huanza kukusomea kosa kwa kupepesa. Anayejaribu ahesabu matundu mara mbili, kwa sababu tundu la 16 lina moto wa betri moja kwa moja, na kuliunganisha na ardhi ni kuunguza fyuzi ukiwa na bahati.

Nilimenya ncha mbili za waya mwembamba uliobaki nilipotengeneza kengele ya mlango, nikalala chali sakafuni mwa gari na tochi mdomoni, nikaingiza. Binti yangu wa darasa la sita alikaa kwenye kiti akihesabu kwa sauti. Taa ilipepesa mara mbili, ikanyamaza kiasi cha kuvuta pumzi, ikapepesa mara tano. Ikanyamaza muda mrefu zaidi, ikarudia: mbili, kisha tano. Tulisubiri mizunguko sita ili kuhakikisha kwamba hakuna kosa jingine lililojificha nyuma yake. Ni moja tu, namba 25.

Jambo dogo nililolithibitisha hapohapo: swichi ikifunguliwa injini ikiwa haijawashwa, taa hii lazima iwake, kwa sababu ndivyo gari linavyojaribu balbu yake. Anayenunua gari la mkononi akiona taa zote nyingine zinawaka kwenye dashibodi na hii haiwaki, ajue balbu imechomolewa na mtu aliyechoka kutafuta kama nilivyochoka mimi.

Jumapili, 16 Juni.

Namba 25 kwa Toyota ni sawa na ile inayoandikwa P0171 kwenye mashine za kisasa, yaani mchanganyiko mwembamba: hewa nyingi kuliko mafuta. Nieleze kwa ajili ya kumbukumbu yangu mwenyewe, kwa sababu hapa ndipo gereji ya pili ilipopotea.

Petroli huungua vizuri inapochanganywa na hewa kwa uwiano wa uzani wa 1 kwa 14.7. Hewa inayoingia hupimwa na sensa iliyo baada ya filta, ile ambayo mafundi huiita eyaflo. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, hupokea kipimo hicho na kuamua nozeli zinazonyunyiza petroli zifunguke muda gani. Kisha sensa ya oksijeni iliyoko kwenye ekzosi hunusa moshi na kurudisha jibu: umeme wake ukikaa chini karibu na volti 0.1, moshi una oksijeni iliyobaki, yaani mafuta yalikuwa machache. Ukipanda kuelekea 0.9, mafuta yalizidi. Kontroli boksi huongeza au kupunguza mafuta kwa kufuata jibu hilo. Ikijikuta inaongeza, na inaongeza, na bado inaambiwa mafuta ni machache, hufika kikomo cha nyongeza inayoruhusiwa na kuwasha taa.

Kwa hiyo kosa hili linasema kwamba sensa ya oksijeni imekuwa ikipeleka habari ileile kwa muda mrefu. Halisemi kwamba sensa ni mbovu. Inaweza kuwa mbovu, lakini wahenga walisema mjumbe hauawi, na mimi nililipa shilingi 70,000 za kumuua mjumbe. Washukiwa wa kweli ni watatu: ama hewa inaingia kwa mlango wa uani bila kupita kwenye eyaflo, ama eyaflo chafu inapunguza hesabu, ama mafuta hayafiki kwa kiwango kinachotakiwa kwa sababu ya pampu, filta au nozeli.

Jumamosi, 22 Juni. Kilomita 168,731.

Mwalimu mwenzangu wa fizikia amenikopesha kidude cha ELM327, kinachochomekwa kwenye mlango ule wa kupimia na kuzungumza na simu kwa Bluetooth. Kiligoma kwa saa nzima. Hatimaye kilikubali baada ya kuandika, kwenye mipangilio ya programu ya simu, amri chache za kuanzishia mazungumzo ambazo wenye Toyota za Japani hupeana. Baadhi ya vipimo vilibaki tupu, ila nilivyovihitaji vilikuja: marekebisho ya mafuta ya muda mfupi na ya muda mrefu (asilimia ambayo kontroli boksi inaongeza au kupunguza), mizunguko ya injini, joto la maji na joto la hewa inayoingia.

Saa 12:40 asubuhi, hewa nyuzi 11, nikawasha na kusubiri sensa ya oksijeni ipate moto na kuanza kazi. Sailensa: muda mrefu +20, muda mfupi ukicheza kati ya +8 na +11. Maana yake ni kwamba kontroli boksi ilikuwa inaongeza karibu asilimia 30 ya mafuta juu ya hesabu yake ya kawaida. Nikakanyaga mafuta taratibu hadi mizunguko 2,500 na kushikilia hapo kwa dakika moja: jumla ikashuka hadi +10. Baada ya kuendesha hadi Ipogolo na kurudi, injini ikiwa ya moto, sailensa ilionyesha jumla ya +13 tu.

Namba hizi zinazungumza. Kama pampu ingekuwa imechoka au filta imeziba, upungufu ungezidi injini inapodai mafuta mengi, si inapopumzika. Hapa ni kinyume, na sababu yake ni hesabu ya kawaida: injini ndogo kama hii ikiwa sailensa hunyonya kiasi cha gramu 2 tu za hewa kwa sekunde, kwa hiyo tundu dogo linaloiba nusu gramu ni robo ya yote; lakini ukikanyaga mafuta, injini inanyonya mara kadhaa zaidi, na tundu lilelile linakuwa si kitu. Mlango wa uani, basi. Pampu nimeiondolea mashtaka.

Ijumaa, 5 Julai. Kilomita 169,918.

Shule zilipofungwa tulikwenda Dar es Salaam kwa shemeji yangu, na safari imenipa ushahidi ambao nisingeupata kwa kukaa nyumbani. Tuliondoka Iringa taa ikiwa inawaka. Siku ya nne Dar, nikiwasha gari Mbagala kwenda sokoni, taa haikuwepo. Haikurudi kwa siku zote tulizokaa kule. Nilipima: asubuhi, hewa nyuzi 24, jumla ya marekebisho kwenye sailensa ilikuwa +12, na gari halikutetemeka hata kidogo.

Tulirudi juzi. Tulipanda mlima Kitonga jioni tukiwa nyuma ya lori lililobeba saruji, gia ya pili mwendo wote, injini ikiwa na mzigo kwelikweli, na taa haikuwaka. Jana asubuhi ilikuwa nyuzi 10, gari likatetemeka. Leo asubuhi likatetemeka tena, na taa ikawaka. Kosa hili halitangazwi siku moja: gari huliona katika safari ya kwanza, hunyamaza, na likilikuta tena katika safari inayofuata ndipo huwasha taa. Zikipita safari tatu mfululizo bila kuliona, huizima. Kumbe taa ilivyokuwa ikizimika "yenyewe" mwezi Aprili haikuwa muujiza.

Fundi mmoja jirani, kijana msikivu ambaye nitamwita tu fundi kijana, alinieleza kwamba tatizo ni Iringa kuwa juu mlimani, hewa ni nyepesi, ndiyo maana Dar taa ilizimika. Hoja ilinivutia kwa dakika chache. Lakini eyaflo hupima uzito wa hewa na si ujazo wake, kwa hiyo hewa ikiwa nyepesi kipimo hupungua na mafuta hupunguzwa vilevile. Na kama urefu wa mlima ndio kosa, taa ingewaka mchana pia, na kila IST ya Iringa ingekuwa inawaka. Kinachobadilika kati ya asubuhi na mchana ni joto. Kuna kitu kinasinyaa kikipoa na kujaza nafasi yake kikipata moto, na vitu vya tabia hiyo kwenye injini ni mpira na plastiki.

Jumamosi, 6 Julai.

Nimesafisha eyaflo kwa dawa yake maalumu, bila kugusa nyaya zake nyembamba. Nimebadilisha filta ya hewa. Hakuna mabadiliko ya kuandika.

Jumamosi, 13 Julai. Kilomita 170,066.

Leo nimekipata.

Mafundi wengi hutafuta uvujaji wa hewa kwa kupuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye viungo wakisikiliza injini ikibadilika sauti. Njia hiyo inafanya kazi, lakini dawa hiyo inawaka moto kama petroli, na kuipuliza karibu na ekzosi na nyaya za koili ni kutafuta balaa. Nilitumia maji, kwenye chupa ya kupulizia ambayo mama watoto hutumia kupigia pasi. Muda ulikuwa saa 12:15, kabla injini haijapata nafasi ya kuficha kosa lake. Gari lilikuwa limelala nje makusudi.

Nilifungua boneti, nikawasha, nikaanza na mipira yote ya hewa inayoonekana. Kimya. Nikahamia pale manifodi ya plastiki inayoingiza hewa inapoungana na kichwa cha injini, nikipuliza kwa ncha nyembamba, njia moja baada ya nyingine. Ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Nilipofika katikati ya ya tatu na ya nne, maji hayakutiririka kama kwingine, yaliingia. Yalikaa kwenye mstari wa kiungo kwa nukta moja yakitetemeka, kisha yakanyonywa kwa sauti ile ya mtoto anayemalizia juisi kwa mrija, na injini ikatulia. Kutetemeka kukakoma kabisa kwa sekunde mbili, yaani muda ambao maji yaliziba tundu, halafu kukarudi. Nilipuliza tena. Ikatulia tena. Nilifanya hivyo mara saba au nane, na nakiri kwamba zile tatu za mwisho hazikuwa za uchunguzi.

Baada ya dakika kumi na mbili, sindano ya joto ikiwa katikati, nilipuliza mahali palepale na maji yakateremka tu kwenye plastiki.

Jumamosi, 20 Julai. Kilomita 170,201.

Gasketi ya manifodi, ule mpira unaoziba kiungo chake na kichwa cha injini, sikuipata Iringa mjini katika maduka manne. Nilipiga simu kwenye duka la spea mtaa wa Gerezani, Kariakoo, Dar es Salaam, nikasoma namba ya injini na ya chesisi, ikaletwa kwa basi siku ya pili yake kwa shilingi 28,000 pamoja na nauli ya mzigo. Nilisisitiza iwe mpya. Gasketi ya mtumba ni mpira mwingine uliokwisha kupikwa miaka mingi kwenye injini ya mtu mwingine.

Kazi aliifanya fundi kijana kwa mkono wake, mimi nikiwa mshika tochi. Tulichomoa betri, tukatoa boksi la filta, tukaweka alama za rangi ya kucha kwenye kila mpira na mahali pake. Manifodi ilipotoka, gasketi ya zamani ilikuwa bado imelala kwenye mfereji wake. Mpya, ukiibonyeza kwa ukucha, inazama na kurudi, na ukingo wake umesimama juu ya plastiki. Ya zamani ilikuwa imelingana na plastiki kabisa, tambarare, ngumu kama ukanda wa sandali iliyosahaulika juani, na kwenye njia ya nne kulikuwa na alama nyembamba ya vumbi jeusi iliyopita juu yake kutoka nje hadi ndani. Ndiyo njia yenyewe. Fundi kijana aliinamisha kichwa, akasema, "Mwalimu, hii ningeipita mara mia." Aliiomba, nikampa.

Tulisafisha nyuso zote mbili, tukaweka mpya bila silikoni yoyote, na bolti zikakazwa kidogokidogo kutoka katikati kwenda pembeni, kwa sababu plastiki ikikazwa upande mmoja hupinda na kazi yote hurudi mwanzo.

Jumatatu, 22 Julai.

Taa imewaka. Sitaandika nilichosema.

Jumanne, 23 Julai.

Safari hii gari lilitetemeka hata likiwa na moto, jambo ambalo halikuwa tabia yake, na jumla ya marekebisho ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Kosa jipya, basi, na kosa jipya siku mbili baada ya kazi hutafutwa kwenye kazi yenyewe. Mpira mdogo unaotoa mvuke wa oili kwenye kifuniko cha juu cha injini ulikuwa umerudishwa mahali pake, alama ya rangi ikikutana na alama ya rangi kama tulivyopanga, lakini kwa chini, mahali ambapo jicho halifiki, ulikuwa umepasuka urefu wa punje ya mchele. Bila shaka ulikuwa umekauka tayari, na tulipouvuta kuutoa ukachanika. Nilikata sentimita moja na nusu ya ncha iliyoharibika, mpira ukabaki na urefu wa kutosha, nikaukaza kwa klipu. Fundi kijana alitaka kurudisha fedha yake; nilimkatalia, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na tochi.

Nilichomoa fyuzi ya 15A iliyoandikwa EFI kwa dakika mbili ili kufuta kosa na kumbukumbu ya marekebisho, nisije nikasoma namba za zamani.

Jumamosi, 3 Agosti. Kilomita 170,588.

Asubuhi kumi na moja, taa haijawaka. Leo saa 12:30, hewa nyuzi 9, ambayo ndiyo baridi kali kuliko zote nilizoandika humu: sailensa, muda mrefu +3, muda mfupi ukicheza kati ya −3 na +4. Kwenye mizunguko 2,500, muda mrefu +2. Pengo kati ya sailensa na mizunguko ya juu, ambalo ndilo nililokuwa nalifukuza tangu Juni, limekwisha. Sensa ya oksijeni ya zamani, ile iliyotangazwa kuwa imekufa, niliihifadhi kwenye kopo. Nimeifunga tena kwa siku tatu kwa ajili ya kujua tu, na namba hazikubadilika. Nimeiacha hapohapo, na ile ya mtumba ndiyo iliyo kwenye kopo sasa.

Jumamosi, 17 Agosti. Kilomita 171,240.

Niliahidiwa na karibu kila mtu kwamba tatizo hili likiisha gari litapunguza ulaji wa mafuta. Nimejaza tangi hadi mdomo mara tatu na kugawa: wastani ni kilomita 13.3 kwa lita. Rekodi zangu za Mei, taa ikiwa inawaka, zinasema 13.1. Tofauti hiyo haifiki hata kiwango cha kosa la kusoma pampu, na nikifikiri vizuri haikupaswa kuwepo: kontroli boksi ilikuwa inafidia hewa ya wizi kwa kuongeza mafuta mpaka uwiano ukae sawa, na hewa hiyo, ingawa haikuhesabiwa, ilikuwa inaungua kama hewa nyingine yoyote. Kilichokuwa kinapotea ni utulivu wa asubuhi, pamoja na shilingi 80,000 zangu za gereji mbili za kwanza.

Kidude cha ELM327 kimerudi kwa mwenyewe. Ameniambia leo kwamba Vitz ya mkewe nayo imewasha taa, na yeye pia hutetemekewa asubuhi. Tumekubaliana Jumatatu saa 12, na nitakwenda na chupa ya maji.